Rozari ya Mkono wa Kushoto

Watu wa Ballyvarna walikuwa na utani wao: ukitaka kujua kama kuna msiba, usihangaike na redio, mtazame Malachy Tiernan amevaa koti gani. Akiwa na lile la kijani la kufyekea majani kando ya barabara, wote wazima. Akiwa na jeusi, kuna mtu amelala sebuleni kwake na hataamka.

Hakuwa mtu wa watu. Alikuwa na miaka sitini na tisa, hakuoa, na dukani alinunua mkate kwa kunyoosha kidole. Lakini msiba haukumpita. Kila siku baada ya habari, redio ya wilaya ilisoma majina ya waliofariki na nyumba wanamolazwa, naye alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Kisha alikwenda, hata kwa watu asiowajua. Alipiga magoti kando ya jeneza kama wengine, ila yeye hakufumba macho, wala hakutazama uso wa marehemu. Alitazama mikono. Huko marehemu huviringishiwa rozari yake vidoleni, na kuzikwa nayo. Malachy aliinama mpaka pua ikakaribia vile vidole vya baridi, akaupapasa waya wa rozari taratibu, kama kipofu.

"Siku yangu ikifika, nivalisheni glavu," alisema Phelim Roche, mwenye kampuni ya mazishi. Watu walicheka, lakini usiku waliotoka msibani hawakupenda kukutana naye njiani.

Alikuwa akimtafuta mdogo wake.

Mama yao alipofariki, Malachy na Eunan walipelekwa shule ya malezi ya Knockarra, mikononi mwa shirika la mabruda lililosifika wilaya nzima kwa hisani. Humo ndani watoto walitengeneza rozari. Unapitisha waya kwenye punje ya pembe ya ng'ombe, unakata, unapinda kitanzi kwa koleo, unaunga na punje nyingine. Kila mtoto alikuwa na kiasi chake cha siku, na aliyepungukiwa aliitwa chumba cha nyuma. Eunan alitumia mkono wa kushoto. Darasani ule mkono ulifungwa mgongoni kwa kamba ya kiatu, ukachapwa mpaka ukavimba. Karakanani walimwachia, kwa sababu kwa kushoto alikuwa mwepesi kuliko vijana wakubwa. Watoto wote walipinda waya kuelekea kulia. Vitanzi vya Eunan peke yake vilielekea upande wa pili.

Malachy alipotimiza miaka kumi na mitatu, mwezi Mei, alitolewa akamtumikie mkulima. Krismasi alirudi na peremende mfukoni. Mlangoni akaambiwa Eunan alitoroka mwezi uleule wa Mei, akapanda meli kwenda Uingereza. Mtoto wa miaka tisa, peke yake, hana hata viatu. Kitabu cha shule kiliandikwa hivyo. Na miaka hamsini na sita baadaye, Tume ya serikali ilipoanza kuyahoji mashirika ya dini, shirika lilikifungua kitabu kilekile: alitoroka Mei, hatuwezi kuwajibika kwa mtoto ambaye hakuwa mikononi mwetu.

Malachy hakuamini tangu siku ile ya mlangoni, na alijua kitakachowaumbua. Oktoba ya mwaka uleule Eunan alioambiwa ametoroka, kanisa la Ballyvarna lilitimiza miaka mia, na mabruda wakawapa wanakwaya kumi na wanane rozari zenye msalaba maalumu, uliochapwa jina la kanisa na mwaka. Misalaba hiyo ilifika Knockarra Septemba. Ingepatikana rozari moja tu ya kwaya yenye vitanzi vya kushoto mpaka kile kilichoshika msalaba, kitabu kingekuwa kimesema uongo. Kubisha hodi kwa walio hai Malachy hakuthubutu. Wafu hawaulizi kitu. Wanakwaya kumi na saba alikwishawapapasa jenezani mmoja mmoja. Kulia, kulia, kulia.

Alikuwa amebaki Bibi Attracta Hanley. Tume ilipotangaza siku ya kusikiliza, Malachy alivaa ujasiri asiokuwa nao, akaenda kwake.

"Mama, naomba kuiona rozari yako ya kwaya. Dakika moja tu."

"Mabruda walimsomesha marehemu mume wangu," bibi alisema. "Nenda zako, Malachy. Acha kufukua."

Mkono wake ulikuwa umeshikilia mfuko wa aproni kwa nje. Malachy aliutazama ule mfuko. Ulikuwa ukipanda na kushuka polepole, kama kuna kitu kidogo ndani kimelala na kinapumua. Bibi alifunga mlango.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu, redio ilimsoma Attracta Hanley. Kuzikwa Jumatano asubuhi. Tume ilikuwa inakaa Alhamisi.

Jumanne mchana nyumba ilijaa. Saa ya ukutani ilikuwa imesimamishwa, kioo kimefunikwa shuka, dirisha limeachwa wazi roho ipate pa kutokea. Jikoni watu walikuwa wakila mikate ya nyama na kunywa chai.

"Huyo kaja kukagua mali," Phelim alinong'ona.

"Mzee Malachy, kunywa chai kwanza!" mwingine aliita kutoka jikoni. "Mama hakimbii."

Malachy alipita bila kujibu, akapiga magoti. Marehemu alikuwa mdogo ndani ya jeneza, rozari imemzunguka vidole mara tatu, msalaba umefichwa kiganjani. Alinyoosha kidole. Mikono ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani, lakini rozari ilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka mkononi mwa mtu sasa hivi. Akapapasa kitanzi cha kwanza. Cha pili. Cha tatu.

Kushoto.

Aliujaribu ule msalaba kwa ncha ya kidole.

"Unamfanya nini mama yangu?"

Alikuwa Dervla, binti wa marehemu, amesimama nyuma yake na sahani.

"Kazi ya mdogo wangu hii," Malachy alisema. Hakuwahi kusema maneno mengi mbele ya watu, na sasa yalimtoka yote: mkono wa kushoto, misalaba ya Septemba, kitabu, Alhamisi. "Dada, nikiutazama huo msalaba, nitajua. Ikienda chini kesho, nimekwisha."

"Mama alisema azikwe nayo." Dervla aliweka sahani chini. "Alinisisitiza. Akasema, isibaki juu ya ardhi. Nikamuuliza kwa nini, akageukia ukutani." Akamtazama mama jenezani. "Wanakwaya walizifuata zile rozari Knockarra wenyewe, mama akiwemo. Wiki ya mwisho alikuwa akisema usingizini, mpeni huyo mtoto kiatu. Mpeni kiatu, baridi. Nilidhani homa."

"Dervla, usimsikilize," shangazi mmoja alisema kutoka mlangoni. "Alichoshika maiti hakinyang'anywi. Atakuja kukidai."

"Basi hatunyang'anyi." Dervla alivua rozari yake shingoni. "Tunabadilishana."

Aliingiza yake kati ya vidole vya mama, akavuta ile ya zamani. Haikuja. Vidole vilikuwa vimekaza, na Phelim, aliyevipanga mwenyewe asubuhi, alisema hakuvikaza hivyo. Dervla akavuta tena, machozi yakimdondoka juu ya sanda.

"Mama," alisema, "mwache Eunan aende."

Vidole havikuonekana kusogea. Rozari tu iliteleza yote kwa mara moja, ikamwangukia Malachy mapajani, na msalaba ukalala chali. Jina la kanisa. Mwaka. Na kitanzi kilichoushika, nacho kushoto. Jikoni kikombe kilianguka.

Alhamisi Tume ilikaa katika ukumbi wa hoteli. Upande mmoja walikaa mabruda waliosalia na wakili wao. Katikati yao alikuwa Bruda Canice, mkuu wa shirika, mzee wa miaka themanini na moja aliyekuwa kijana msimamizi wa karakana zama zile. Malachy alieleza, sauti yake ikizama mpaka mwenyekiti, mwanamke wa makamo, akamwomba mara mbili akaribie kipaza sauti.

"Waya hauna sahihi," wakili alisema. "Mtoto yeyote wa mkono wa kushoto angeweza kuupinda."

"Walishachapwa wakaacha wote," Malachy alisema. "Alibaki mmoja."

"Hilo ni neno lako, mzee wangu."

Mwenyekiti akaagiza rozari apewe Bruda Canice aitazame. Mzee aliipokea kwa adabu. Kidole gumba kikaanza kutembea juu ya vitanzi, kimoja kimoja, kama kilivyokuwa kikitembea kila jioni akikagua kazi. Kikasimama. Ukumbi ulikuwa umeingiwa na baridi, na mwanamke mmoja nyuma alijifunga skafu.

"Arobaini na saba," alisema Bruda Canice.

Wakili alimwinamia. "Bruda, punje ni hamsini na tisa."

"Sihesabu punje. Ni kazi yake. Hatukuwaita kwa majina."

Hakuna aliyekuwa ametaja nambari ile ya Eunan. Haikuwa kwenye karatasi yoyote. Malachy mwenyewe hakuitamka tangu alipotoka Knockarra.

"Kwa hiyo Septemba alikuwa hai, na alikuwa kwenu," mwenyekiti alisema. "Yuko wapi?"

Mzee aliendelea kutazama mapajani. "Chini ya sakafu ya karakana. Alianguka chumba cha nyuma, akapiga kichwa... alipigwa. Alipigwa. Tukamwaga saruji Novemba." Akaisukuma rozari mbali naye. "Baadaye tuliifunga karakana. Koleo zilikuwa zinagonga, na mezani hakuna mtu."

Wakili aliomba kikao kiahirishwe. Mwenyekiti alimgeukia Malachy, akamuuliza anataka nini kutoka kwa shirika. Watu walidhani atasema fidia.

"Wachimbe wao," Malachy alisema. "Waliomwaga saruji ndio waivunje."

Kesho yake, polisi walikwishazungushia utepe lile jengo la karakana, sasa halina paa. Sajenti aliruhusu saruji ya juu tu. Iliyo chini yake ilikuwa kazi ya wataalamu, waliosubiri nje na hema lao jeupe. Mabruda wanne waliingia na nyundo, wote wazee, makoti wameyaning'iniza dirishani. Watu wa Ballyvarna walijaa ukutani, safari hii bila mzaha. Malachy alisimama katikati, Dervla kando yake.

Pigo la kwanza lilirusha vumbi. La pili likatoa ufa. La tatu, ardhi ilijibu kwa sauti ya kitu kilicho kitupu ndani, na jibu lile likaendelea kidogo baada ya nyundo kunyanyuka.

Bruda Canice alishusha nyundo yake.

"Endelea," Malachy alimwambia.