Kondoo wa Murugi Langoni mwa Kanisa

Mwaka wa sabini na nne, Nyeri nzima ilijua kwamba Murugi wa maabara ya hospitali anatoa damu ya kondoo bila kumchinja. Viapo vya siri vya damu, vya mwaka wa sitini na tisa, vilikuwa vimepita juzi tu, na damu iliyotiwa chupani pasipo nyama kupikwa ilimaanisha jambo moja: kiapo.

Mzee Simeon wa kanisa alimfuata hadi uani.

"Chagua, mama. Uza hii kondoo, ama usikaribie meza ya Bwana."

"Nani amekula kiapo kwangu, Mzee? Nitajie mmoja."

"Damu bila nyama ni ya nini?"

"Ni ya kupimia watoto wa wadi, wale wamevimba miguu kwa kukosa chakula. Njoo maabara uone."

"Mimi huko siingii."

Angeingia, angeona kazi yenyewe. Murugi aliosha chembe nyekundu za damu ya kondoo, akazichanganya mrijani na chembe nyeupe za damu ya mtoto, akazizungusha polepole kwa mashine, kisha akazilaza kwenye baridi hadi asubuhi. Chembe nyeupe zenye nguvu ya kupigana na maradhi hushikwa na zile za kondoo pande zote, kama petali za ua. Aliugeuza mrija taratibu, maana ukiutikisa zinaachana, akahesabu maua kwenye hadubini. Mtoto dhaifu alikuwa na machache; akianza kupona, yaliongezeka. Bila kondoo, hakuna kipimo.

Jumapili kikombe cha ushirika kilimpita. Murugi aliinuka, akatoka. Waumini walipomaliza walimkuta langoni, kitambaa cheupe kichwani, sindano shingoni mwa kondoo.

"Hapa? Mbele ya kanisa?" Simeon aliuliza.

"Nikifanya nyumbani ni kiapo. Nikifanya hapa, mchana, ni nini?"

Nyanya Watiri alisogea karibu. "Simeon, kondoo wa kiapo huchinjwa; hii mbona haifi?"

Watu walicheka. Kondoo alifunguliwa, akaenda moja kwa moja kwenye maua ya kanisa, akaanza kula.

"Hiyo haibadilishi neno letu," Simeon alisema.

"Basi likae kwenu."

Murugi aliteremka kuelekea hospitalini akitikisa chupa njia nzima, shanga za kioo zikigongana ndani ili damu isigande. Hakugeuka.

Jumapili iliyofuata alikaa benchi ya mbele kabisa. Kikombe kilimpita tena. Kondoo alikuwa amefungwa langoni.