Tairi ya Thika, Tairi ya Nairobi

Mwalimu aliyeanzisha timu ya roboti katika shule yetu hapa Ruiru alipata uhamisho, na timu ikafa wiki hiyo hiyo. Kwa miaka sita hakuna aliyeigusa. Mimi nafundisha fizikia na sijawahi kuunda hata redio, lakini wasichana wanne wa kidato cha tatu walinisumbua muhula mzima, hadi nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba kile chumba cha zamani cha timu.

Yeye alikuwa amekitenga kwa ajili ya maharagwe. Stoo ilikuwa imejaa, na hicho ndicho chumba pekee kilichokaa bure. Tulibishana kidogo, kisha akasema, "Ijumaa saa nane nakuja kuona. Hiyo kitu ikitembea, mkae. Isipotembea, magunia yanaingia."

Tulikuwa na siku nne. Roboti tuliikuta chini ya madawati mabovu, nyaya zote zimetafunwa na panya. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza: izunguke chupa tatu za maji na kurudi ilikoanzia. Ina tairi mbili, kila moja na mota yake, na huendeshwa kwa rimoti. Ili ikate kona, unazungusha moja na kusimamisha nyingine.

Jumatano, mmoja wao, msichana wa kutoka upande wa Yatta, alilala sakafuni akibandika vikaratasi kwenye nyaya mpya, L kwa left na R kwa right. Mimi nilishika mota nikimtajia upande wa kila moja. Nikasema "reft", akaandika R. Nikasema "light", akaandika L. Aliandika alichosikia. Mimi ni Mkikuyu wa Gatundu, na ulimi wangu haujawahi kupatana na hizo herufi mbili. Chuoni walinicheka hadi nikaacha kuuliza maswali, na mpaka leo nikiwa mbele ya wakubwa huwa nachagua maneno kwanza.

Roboti ikagonga chupa ya kwanza. Tukairudisha, ikagonga tena. Alhamisi yote tulitafuta kosa kwenye programu, na halikuwepo. Kufikia saa kumi wasichana walikuwa wanatazamana, nikajua wameshajua na hakuna anayetaka kuniambia. Niliona aibu, halafu nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

"Mwalimu," yule wa Yatta akasema kwa upole, "labda ni mimi sikusikia poa."

"Ulisikia poa kabisa," nikamwambia. "Shida ni mdomo wangu."

Wakacheka, na mimi nikacheka baadaye kidogo. Kubadilisha nyaya kulichukua dakika mbili. Lakini mmoja akishika rimoti, mwingine humwelekeza kwa sauti, na tulipojaribu kusema kushoto na kulia, kila roboti ilipogeuka kututazama ubishi ulianza: kushoto yako ama yake? Mwishowe mmoja wao alibandua vikaratasi vyote akaandika upya. Tairi moja Thika, nyingine Nairobi. Ruiru iko katikati ya miji hiyo miwili, na hakuna mtu wa hapa anayeweza kuichanganya.

Ijumaa mwalimu mkuu alifika saa nane kamili, akasimama mlangoni amekunja mikono. "Thika! Nairobi! Thika tena!" Roboti ilienda ikiyumba, ikapita chupa zote tatu bila kuangusha hata moja, ikarudi.

"Mbona Thika na Nairobi?" akauliza.

Wasichana wakaangalia sakafu, wote wanne. Wangeweza kutunga uongo wowote kwa ajili yangu, na nilitamani sana watunge. Ila hao ni wanafunzi wangu.

"Ni kwa sababu yangu, Madam," nikasema. "Left na right zinanishinda kutamka."

Alinitazama. Nilingoja acheke. Miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikuwahi kusikia ulimi wake ukiteleza hata mara moja.

"Hata mimi, mwarimu," akasema. "Sasa hayo mahalagwe yatafutiwe pahari pengine."