Sekunde Mbili za Nguo

Shule sikukaa sana, ila majini niliwashinda vijana wote wa mtaa wetu wa Pasiansi, kando ya ziwa, isipokuwa mmoja, ambaye baadaye nilimwoa dada yake. Kaptura zetu zilijaa maji zikatuvuta nyuma, kwa hiyo tulizifunga mapajani kwa uzi wa nyavu.

Mwaka huu, kwenye mashindano ya wazee, binti yangu alinivalisha vazi la kisasa la kuogelea, linabana kama ngozi. Nikampita shemeji kwa sekunde mbili.

"Nguo ndiyo imeshinda, shemeji, siyo wewe!"

Iliniuma. Kesho yake tukaingia ziwani na kaptura, kila mmoja akamfunga mwenzake uzi kama zamani. Akaniacha mbali, nikacheka mpaka nikanywa maji. Zile sekunde zilikuwa za nguo, nakubali.