Mkono Mtupu wa Verlyn Rustad

Verlyn Rustad alijiona fundi. Vijitabu vya maelekezo vinavyokuja na mitambo aliwashia jiko la karakana, kisha akaja kutueleza pale kwenye ghala la nafaka, akinywa kahawa ya bure, kwamba vimeandikwa kwa ajili ya watu wa mjini wasiojua mbele na nyuma ya trekta. Wazee wenzake walitikisa vichwa kukubali. Watu wazima kabisa hao, wenye mashamba yao. Mimi nalima upande wa pili wa barabara, huku Dakota Kaskazini, na nimemsikiliza Verlyn kwa miaka mingi kuliko inavyomfaa binadamu.

Theluji ilipoyeyuka mwaka ule alinunua mnadani mikono miwili ya kuchorea, ile inayoshuka kandokando ya planta, mashine ya kupandia mbegu, na kukwaruza mstari udongoni, ili dereva akigeuza ajue apite wapi. Mikono hiyo huinuliwa na kushushwa na mafuta yanayosukumwa na trekta ndani ya mipira minene, yaani mabomba ya mpira, kwa nguvu ya kutisha. Kwa mtu makini, kuifunga ni kazi ya kutwa nzima. Verlyn aliimaliza kabla ya chakula cha mchana, akaniita nikashangae.

Kweli nilishangaa. Vichwa vya mipira alivichomeka kwenye trekta vikiwa na mchanga, hakuvifuta hata kwa mkono wa shati. Mpira mmoja ulipungua, akaokota mwingine mkuukuu nyuma ya zizi, mrefu kupita kiasi, akaufunga kwenye fremu kwa kamba ya marobota ya majani, pale pale penye kona kali ya chuma. Pini za kuzuia silinda, zile zinazoushikilia mkono usikuangukie, alizitundika ukutani kama picha za harusi.

"Hiyo kona itaula mpira, Verlyn," nikamwambia.

"Wewe lima chako, jirani. Cha mwenzio kiache."

Akapanda trekta, akavuta leva ya kuinua. Mkono wa kushoto ukashuka na kulaza uzio wa bustani ya mkewe. Mipira alikuwa ameichomeka kinyume. Ardis, mkewe, alikuwa mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo. Aliutazama uzio, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Siku ya kupanda soya nilikuwa najaza mbegu kwangu nilipoona mkono wa planta yake unapanda kwa kusuasua. Mafuta yalikuwa yanavuja. Hapo kila mkulima anajua la kufanya: teremsha kila kitu hadi chini, zima injini, sukuma leva huku na huku mpaka presha iishe, ndipo uguse. Na kama ni lazima utafute tundu presha ikiwepo, vaa miwani na upitishe kipande cha boksi kwa mbali, maana mafuta hayo yakitoka kwenye kitundu yanapenya ngozi kama risasi. Verlyn aliiacha injini inaunguruma na mkono uko hewani bila pini. Kisha akavua glavu ili asikie vizuri, akaupapasa mpira taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyetoka kuzaa.

Akashtuka na kuurudisha mkono. Nilivuka barabara, nikamkuta ananyonya kidole cha shahada. Palikuwa na kidoa tu, kama cha mwiba, hata damu haitoki.

"Mafuta yamekuingia. Nenda hospitali sasa hivi."

"Hospitali kwa tundu la sindano?" Akacheka. "Bwana, mkeo amekudekeza."

Akauzungushia mpira ule utepe wa gundi, akaendelea kupanda.

Ardis alipoleta chakula, Verlyn alikula kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameuficha pajani. Ardis akamsukumia chupa ya kahawa.

"Nifungulie."

"Fungua mwenyewe."

"Nimekuomba wewe, Verlyn."

Akaibana chupa magotini, akahangaika kwa mkono mmoja. Ardis akamshika mkono ule uliofichwa, akauvuta kwenye mwanga. Kidole kilikuwa kimevimba kama soseji, cheupe na baridi. Ardis akapanda trekta, akaizima, akatia ufunguo mfukoni.

"Ingia kwenye pikapu."

"Nimebakiza kipande kidogo tu, Ardis."

"Utakipanda kwa meno? Ingia."

Daktari wa mjini Fargo alimpasua kutoka kidoleni hadi kwenye kifundo cha mkono, akakwangua mafuta. Kidole hakikupona, kikakatwa. Daktari alimwambia Ardis kwamba wangefika mapema pengine kingebaki. Soya iliyosalia tuliipanda sisi majirani, pamoja na wale watikisa vichwa wa ghalani, ambao sasa kila mmoja alidai alishamwonya.

Majira ya baridi wauza mbegu waliitisha mkutano wa usalama katika ukumbi wa kanisa, wakamwomba Verlyn aseme neno. Akasimama, akauinua mkono kama askari aliyerudi vitani.

"Mpira ulikuwa mpya," akasema. "Kiwandani waliuharibu. Yangempata yeyote."

Vichwa vikatikisika. Ardis alikuwa anamimina kahawa. Akaliweka birika mezani.

"Uliuokota nyuma ya zizi," akasema kwa sauti ile ile anayoombea chumvi. "Ukaufunga kwa kamba ya marobota. Ukaupapasa kwa mkono mtupu, injini inawaka. Kama unataka kuwafundisha watu, wafundishe hilo."

Verlyn akaketi. Mmoja wa watikisa vichwa akapata ghafla haja ya kufunga kamba za viatu.

Tangu hapo mipira ni kazi ya Ardis. Aliinunua mipya, yenye urefu wake, akaibana kwa vibano mbali na kona. Planta ikigoma, Verlyn huzima trekta na kukaa mle ndani, mikono mapajani, hadi mkewe apachike pini, akague na boksi lake na kumpungia mkono. Minadani, kwa wasiomjua, anasema kidole kilikwenda na msumeno. Nadhani anaona msumeno una heshima zaidi.