Mapafu Yaliyotiwa Vifungo

Ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa. Hapana, nasema uongo; mwaka wa mvua kubwa ndio daraja lilikwenda na maji, na Fundi Kochi alikuwa bado anakaa ng'ambo. Huu ninaousema ni mwaka uliofuata, ule ambao shule ilipakwa rangi ya kijani mpaka mlango wa choo. Haya, sasa twende.

Fundi Kochi alikuwa mtengeneza makochi. Jina lake la kuzaliwa alilijua mkewe tu, na mkewe hakulitumia ila akikasirika. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati: hapa mbao, pale sponji zimepangwa mpaka darini. Misumari midogo aliibana midomoni akifanya kazi, ndiyo maana ukimsalimia alikujibu "Mmh" tu, ukadhani anaringa. Sifa yake ilikuwa moja: akikushonea mito miwili, basi ni pacha. Ulaze mmoja juu ya mwenzake, tofauti hupati hata ya ukucha.

Sasa huyo mkewe, mpishi wa shule, alikuwa na kikohozi. Si kikohozi cha kukatisha mtu kazi, bali kile king'ang'anizi, kinabisha hodi asubuhi, kinabisha hodi jioni. Fundi akamwambia twende hospitali ukapigwe picha ya kifua. Akajibiwa nini?

"Wewe baba, mimi nimevuta sigara lini? Huu ni moshi wa kuni tu. Watoto mia tatu wanasubiri chakula, mimi nikakae kwenye benchi?"

"Si lazima uvute, mke wangu."

"Kakwambia nani? Sponji?"

Hapo fundi akanywea, maana mvutaji alikuwa yeye. Mbili kwa siku, nyuma ya karakana, za kusindikizia chai.

Basi siku moja nesi wa zahanati akaingia karakana. Binti mwembamba, lakini kwa sauti yake ungemkabidhi jeshi. Alikuwa anaandaa siku ya mapafu kwenye uwanja wa shule: matembezi asubuhi, mashindano ya kupuliza maputo, kisha mafunzo ya saratani ya mapafu, kwa sababu watu walikuwa wanafika zahanati maji yameshawafika shingoni. Alitaka mapafu ya kitambaa, marefu kama mtu, ayaelekeze kwa fimbo.

"Utaweza, baba?"

"Mwanangu, mapafu si mito miwili?"

Nesi akamwachia picha iliyochorwa kwenye karatasi. Fundi akaitupia jicho moja, na jioni karatasi ile akaifungia misumari.

Moyoni alikuwa na lake. Mkewe hawezi kukosa kuja kuona kazi ya mumewe ikionyeshwa mbele za watu. Akija, atasikia. Akisikia, huenda akakubali kwenda kupigwa picha.

Siku nne akakata, akashona: mahameli nyekundu, sponji ngumu, kamba ya mapambo imezungushwa ukingoni. Na kwa kuwa mkono umezoea, ukatia na vifungo. Kumi na viwili pafu hili, kumi na viwili pafu lile. Pacha.

Siku yenyewe, jamani! Matembezi yalianza na watu arobaini, yakafika uwanjani na watu mia na mbuzi mmoja. Kwenye maputo, mwalimu mkuu, mtu wa kitambi na heshima zake, alipuliza mpaka miwani ikadondoka; puto likamponyoka, likamzunguka kichwani likimzomea, na watoto wakagaagaa chini kwa kicheko. Kinyozi akashinda, akadai kombe. Kombe halikuwapo. Akapewa puto.

Ndipo nesi akavuta shuka. Mapafu yakang'aa juani.

"Baba," nesi akasema kwenye kipaza sauti, "haya yana vifungo."

"Bila vifungo sponji inahama, mwanangu."

"Na yanalingana!"

"Ahsante."

"Siyo sifa, baba! La kushoto huwa dogo kidogo. Linaupisha moyo."

"Moyo uambieni uketi," kinyozi akapaza sauti, "kochi si hilo!"

Uwanja ukalipuka. Na nani alicheka kuliko wote? Mkewe, mstari wa mbele kabisa. Alicheka akashika mbavu, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kwisha. Watu wakanyamaza mmoja mmoja. Nesi akamsogelea.

"Mama, kikohozi hiki kina muda gani?"

"Siku mbili tatu, mwanangu."

"Uongo huo!" Fundi hakujua tarehe ila kwa kazi zake, akaanza kukunja vidole. "Kilianza niko kwenye kochi la mwalimu mkuu. Likaja benchi la kinyozi. Vikaja viti sita vya hoteli. Kisha haya mapafu."

Nesi akauliza kila kazi ilikula siku ngapi, akajumlisha mbele ya kadamnasi. Wiki tisa.

"Zikipita tatu tu, mtu aje," akawaambia wote. "Akikohoa damu, aje siku hiyohiyo. Na asiyevuta naye aje, moshi haumuulizi mtu kama ni wake."

Mama akafuta machozi, akasimama.

"Nitakwenda. Lakini na huyu twende naye. Zile mbili za nyuma ya karakana, mwenzenu anadhani sizijui! Hata shati linamsema."

Makofi hayo! Mtego wa fundi ukamnasa mtegaji.

Wakapigwa picha siku moja, baada ya kubishana mlangoni nani atangulie. Ya mama ikatoka nzuri: njia za hewa zimechokozwa na moshi, apewe dawa, na shule ijenge dohani ya kutolea moshi jikoni. Ya fundi ikaonyesha kidoa, juu, upande wa kushoto. Kidogo, kama kifungo. Vipimo vikafuata, ikawa ndiyo saratani yenyewe, ila bado changa. Wakamkata kipande cha juu cha pafu, wakamshona. Alipopata nguvu aliikagua ile mishono kwenye kioo, akasema mshonaji ni fundi kweli, lakini uzi angeuficha.

Yale mapafu yapo zahanati mpaka leo. La kushoto alilipunguza mwenyewe. Vifungo alikataa katakata kuvitoa. Chai anakunywa bila msindikizaji.

Swali lake moja tu limekosa wa kulijibu. Alimwuliza daktari, akacheka, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Akamwuliza nesi, akacheka mpaka akakaa chini. Akamwuliza mkewe, naye akacheka kwa muda mrefu, bila kukohoa hata mara moja:

"Kama pafu lilikuwa dogo ili liupishe moyo, nanyi mmelipunguza tena, huu moyo wangu umeshaambiwa kwamba umeongezewa chumba?"