Mpira wa Waya na Mtani Asiyesadiki

Miaka ile ya uhaba, spea mpya ya gari ilikuwa kitu cha kusikia kwa wengine. Mwinyimadi, fundi wa Maili Moja, Mzaramo mzaliwa wa Kisarawe, alitengeneza kwa alichokipata. Siku moja aliletewa lori la kijiji cha ujamaa, breki yake nzito kama kukanyaga kisiki. Alipofunua boneti akaona: mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kopo la kusaidia breki umepasuka. Injini hunyonya upepo kwa mpira huo, na mnyonyo huo ndio unaompunguzia dereva kazi ya mguu.

Hakuwa na mwingine ila kipande alichokitoa kwenye katapila bovu, mpira uliovikwa nyaya za chuma kisichoshika kutu, zimesukwa kama ukili. Akaufunga kitambaa pale pa kukatia, nyaya zisifumuke, akaukata kwa msumeno. Akaupitisha mbali na ekzosi, akakaza klampu huku na huku. Kisha, injini ikiwa imezimwa, akakanyaga pedeli mpaka ikawa ngumu, akaishikilia hivyo hivyo, akawasha. Pedeli ikazama kidogo. Ndivyo inavyotakiwa.

"Mzaramo, shanga hii inayometameta umemvua mkeo?" aliuliza Mashaka, dereva wa lori.

"Beba mizigo yako uende, mpagazi wee!"

Mashaka alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu. Hutukanana, hutishana, na anayekasirika ndiye mjinga. Juzijuzi tu Mwinyimadi alimkimbilia barabarani akiapa kwamba gurudumu linachomoka. Mashaka akaingia uvunguni na kanzu yake ya Ijumaa, asione kitu.

Basi lori likaenda kupakia abiria penye migahawa. Mwinyimadi akaokota kipande cha mpira kilichobaki, akakitia mdomoni akanyonya, ndio mazoea ya mafundi. Upepo ukaja, halafu ukakatika. Akachungulia ndani. Utando wa ndani umebanduka. Ukinyonywa unajikunja na kuziba njia. Kumbe mpira ule ulikuwa wa kusukumia mafuta, haukutengenezwa kunyonya! Ukishapata joto la injini, breki itagoma, na njia ya Kisarawe, lori linakokwenda, ni milima.

Akakimbia.

"Mashaka, zima gari! Mpira ule utaziba."

"Na gurudumu je, bado lipo?"

Abiria wakaangua kicheko.

"Wallahi si utani."

"Hata juzi uliapa, mtani. Kanzu yangu mpaka leo ina grisi."

Kila neno zito alilokuwa nalo Mwinyimadi alishalitumia kwa mzaha. Lori likaanza kusogea. Akadandia, akaketi mbele karibu na dereva, kisanduku cha spana mapajani.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Huko huko unakokwenda."

Mashaka akamtazama usoni, asicheke tena. Akaendesha taratibu. Walipokaribia mteremko wa kwanza, Mwinyimadi akasema, "Jaribu hapa, pangali tambarare."

Mashaka akakanyaga. Pedeli ngumu kama jiwe! Ikabidi aisimamie kwa miguu miwili, lori likajikokota mpaka likaegemea tuta la mchanga.

"Jamani, tumefika?" aliuliza bibi mmoja huko nyuma, Mwanajuma, aliyekuwa amesinzia.

Mwinyimadi akaufungua mpira, akakwangua utando wote uliolegea. Akazungusha waya mgumu kwenye mpini wa bisibisi mpaka ukawa springi ndefu, akausokomeza ndani ya mpira ili uutanue usijikunje. Abiria walikataa kupanda mpaka Mashaka aliposhuka mteremko na kurudi, lori tupu, fundi ubavuni mwake.

"Sasa nieleze," Mashaka alisema wakiwa wawili tu. "Siku ukiwa na la kweli, nitalijuaje?"

Mwinyimadi akajibu, "Nitapanda."

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila alipolitengeneza lori lile, safari ya kwanza fundi alikuwamo, akitukanana na dereva njia nzima, na kurudi kwake ni kwa kubahatisha gari la yeyote. Mkewe, Biubwa, aliwalalamikia majirani kuwa aliozwa fundi, ila anayempikia ni utingo.