Jembe la Aliyeanguka

Siku hizi vijana wa Singida hujazana kwenye vibanda vya video kuwapigia makofi wanaume waliopakwa mafuta wanaoangushana kwa kupatana, lakini enzi za Andrea mtu alianguka kweli, na aliyeanguka alishika jembe.

Andrea alikuwa mkulima wa Unyambwa, mtu wa mtama na ng'ombe wachache, wala asingejulikana nje ya kitongoji chake kama si mieleka. Yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Baada ya mavuno watu walifika kutoka pande zote, wakakaa kwa duara, naye akaingia katikati na fimbo yake. Mtu akiangushwa, Andrea alimpapasa mgongo kwa kiganja. Kiganja kikitoka na udongo, maneno yameisha.

Mabingwa walikuwa wawili, na tangu bendera ya mkoloni ishuke hakutokea wa tatu. Alute wa Sepuka alikuwa mfupi, shingo kama ya fahali. Simeoni wa Mtinko alikuwa mrefu, na mguu wake ukishakuzunguka, umekwisha. Mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Walichukiana kwa raha zao.

"Inuka basi tuanze," Simeoni alikuwa akimwambia mwenzake mbele ya umati. "Au umeshasimama?"

"Nimesimama, twiga. Wewe tafuta mtu wa kukuokota vipande."

Desturi ilikuwa moja. Mvua za kwanza zikinyesha, aliyeshindwa alikwenda kwa miguu hadi kwa mshindi, na jembe lake begani, akamlimia tangu asubuhi hadi jua la utosi. Mshindi alitakiwa akae tu amtazame. Akigusa jembe, amemtukana mgeni wake. Kisha mke wa mshindi alipakua, wakala sahani moja, mwamuzi akishuhudia. Asiyelima haitwi tena uwanjani, na mshindi hana ruhusa ya kusamehe. Ndivyo chuki yao ilivyotunzwa isioze. Leo watu wakishindana kidogo tu wanarogana na kupelekana mahakamani, na hao ndio wanaojiita wameendelea!

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, Simeoni aliangushwa na Alute. Andrea alipapasa, udongo ukajaa kiganjani, Simeoni mwenyewe akatikisa kichwa akakubali. Kabla ya mvua malori ya serikali yakaja kuwahamisha watu. Nyumba za tembe zikabomolewa, watu wakashushwa na vyungu vyao porini penye vigingi vya viwanja vipya. Andrea hakupinga watu kukaa pamoja. Shule ilitakiwa, maji yalitakiwa. Kilichomchoma ni wale waliokuja kufundisha ujirani bila kuuliza kama wenyeji walikuwa nao.

Mvua ziliponyesha, Simeoni alipita Unyambwa akamchukua Andrea, wakaenda Sepuka. Waliikuta nyumba mpya ya Alute haijaezekwa vizuri. Klara, mke wa Alute, alitoka mbio.

"Shemeji, umekuja kweli na matope haya?"

"Nimekuja, shemeji. Huyu mumeo mfupi akisubiri zaidi atazama."

Simeoni akavua shati, akaingia kwenye kishamba walichogawiwa. Alute akakaa juu ya kinu kilicholazwa, mikono magotini. "Kina zaidi," alisema. "Unakwaruza kama kuku." Simeoni akacheka, akazamisha jembe.

Hapo ndipo alipotokea Leonidas, msimamizi wa kijiji, kijana wa kutoka mjini, na mgambo wawili. Aliona mtu mmoja analima, mwingine amekaa. Hakuhitaji kuona zaidi.

"Ndugu Alute, hii ni nini? Unyonyaji mchana kweupe!"

"Shikamoo kwanza kwa huyu mzee," Alute alisema, akimwonyesha Andrea.

Leonidas hakumwamkia. Andrea akameza hilo, akamweleza desturi yote, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Leonidas akasikiliza huku akitazama saa yake.

"Basi Alute ashike jembe naye, walime wote. Yaishe."

"Siwezi," Alute alisema. "Nitakuwa nimemtukana."

"Kamata jembe hilo," Leonidas akawaambia mgambo. Wakalinyang'anya mikononi mwa Simeoni, tuta la pili likiwa nusu. Leonidas akatangaza kwamba mieleka imekoma, na huyu wa Mtinko ambaye ameacha kijiji chake bila ruhusa atarudishwa sasa hivi.

Klara alikuwa na mwiko mkononi, ugali uko motoni. Alute akasimama kutoka kwenye kinu. "Simeoni, basi. Nimekusamehe."

"Usinisamehe!" Simeoni alifoka, na Andrea hakuwahi kumwona na hasira kama ile hata uwanjani. "Unanisamehe wewe nani? Mwamuzi, mwambie! Nitasimama naye vipi tena?"

Andrea aliijua desturi. Ni kweli, hangeweza kumwita tena uwanjani. Na Leonidas na mgambo wake walidhani wamemkomboa mtu.

Wakampandisha Simeoni kwenye lori lililokuwa limeleta mbegu kijijini. Lilipoanza kuondoka, Alute alilifuata mbio kwenye matope kwa miguu yake mifupi, akipiga kelele, "Rudi ulime, twiga! Mvivu wewe! Rudi!" Simeoni amesimama juu ya lori, anamjibu matusi, machozi yanamtiririka. Andrea alibaki njiani akiwatazama, mmoja juu, mmoja chini, hadi lori likapinda. Hakuwaona tena pamoja.